Sura ya Sita: Wenyeji Wenye Midomo Michafu

Mwezi Aprili 1967 kampuni ya mabasi ya Gray Line ilianza kupeleka watalii katika mtaa wa Haight, San Francisco. Tangazo lake lilisema hiyo ndiyo safari pekee ya ng'ambo unayoweza kuifanya bila kutoka Marekani. Abiria walikaa madirishani na kamera zao wakionyeshwa mahipi: wale kule wenye nywele za mabegani, yule anayetembea pekupeku, huyu mwenye shanga na njuga shingoni. Wenyeji hawakukawia kuchoka kutazamwa. Baadhi yao walichukua vioo, wakawa wanatembea sambamba na basi huku wakiwaelekezea abiria ili wajitazame wenyewe.

Basi lilikuwa kero ndogo. Lilikuja, likazunguka, likaondoka. Waliokuwa njiani kuja kukaa ndio waliowanyima watu usingizi. Kuanzia mwanzo wa mwaka huo magazeti na televisheni za Marekani zilikuwa zikisimulia habari za mtaa ambako vijana wanaishi bure, wanapendana na wanameza LSD. Mwezi Mei Scott McKenzie akatoa wimbo wa kuwaasa wanaokwenda San Francisco wavae maua kichwani. Shule zilipofungwa, watoto wa miaka 15, 16 na 17 wakaanza kusimama kando ya barabara kuu kuomba lifti kuelekea magharibi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba hadi vijana 100,000 walipita katika mtaa huo kiangazi hicho.

Jiji lilikuwa limeshatamka kwamba haliwataki. Mkuu wa polisi, Thomas Cahill, aliwaonya wasije. Kwa hiyo kazi ya kuwapokea iliwaangukia wenyeji wa mtaa, na humo ndani mlikuwa na ugomvi wa aina mbili uliokwenda pamoja: wageni wapokeweje, na watu waseme nao kwa lugha gani. Walioandika historia ya kiangazi hicho wamezoea kuutaja ugomvi wa pili kama kichekesho cha pembeni. Mimi naona ndio unaoeleza wa kwanza.

Haight-Ashbury ulikuwa mtaa wa nyumba kuukuu za mbao, ndefu na zenye nakshi, karibu na bustani kubwa ya Golden Gate. Kodi ilikuwa nafuu. Kwa miaka kadhaa serikali ilikuwa na mpango wa kupitisha barabara kuu kando yake, jambo lililowafanya wenye uwezo wahamie kwingine. Wanafunzi, wanamuziki na washairi wakaingia. Bendi ya Grateful Dead ilipanga nyumba namba 710 mtaa wa Ashbury. Na kilichowaunganisha wengi wao, kuliko muziki, kilikuwa dawa.

LSD iliundwa na mwanakemia wa Uswisi, Albert Hofmann, mwaka 1938, naye akatambua nguvu yake mwaka 1943 baada ya kiasi kidogo kumwingia mwilini kwa bahati mbaya. Dozi yake hupimwa kwa mikrogramu, na athari zake huweza kudumu saa nane hadi kumi na mbili. Humphry Osmond, daktari wa akili aliyeitumia kwa wagonjwa wake nchini Kanada, ndiye aliyelipa kundi hili la dawa jina la saikedeliki. Timothy Leary, aliyeachishwa kazi Harvard mwaka 1963, alikuwa akihubiri kwamba yatakayomkuta mmezaji yanategemea hali ya moyo aliyoingia nayo, mahali alipo na watu waliomzunguka. Leary alisema mengi ya kipuuzi, lakini katika hilo watafiti wa baadaye hawakumpinga. Mtu aliyekwishameza huwa wazi kupita kiasi. Sauti ya ukali ambayo siku nyingine angeipuuza inaweza kumkalia kifuani mpaka alfajiri, na neno la upole linaweza kumrudisha kutoka kwenye hofu ambayo sindano ya daktari haijaiondoa. Mahali kama hapo, swali la namna ya kumsemesha mgeni halikuwa la adabu ya mezani.

Sasa tuje kwenye matusi.

Upande wa pili wa ghuba, chuoni Berkeley, wanafunzi walikuwa wamepigania haki ya kusema siasa ndani ya chuo, na mwishoni mwa 1964 wakashinda. Machi 1965 kijana mmoja aliyetoka New York, ambaye hata hakuwa mwanafunzi, alikaa karibu na lango akiwa ameshika karatasi yenye neno moja. Neno lenyewe sitaliandika. Msomaji analijua, na Kiswahili kina la kwake lenye kazi hiyo hiyo. Alipoulizwa, aliongeza chini yake, kwenye mabano, kwamba ni kitenzi. Polisi wakamkamata. Siku chache baadaye mkuu wa mfumo mzima wa vyuo vikuu vya jimbo, Clark Kerr, alitangaza kujiuzulu kwa sababu ya vurugu zilizofuata, kisha akabadili nia. Viongozi wa wanafunzi walibaki wameshika tama. Walikuwa wameweka rehani masomo yao kwa ajili ya uhuru wa kusema, na mgeni wa juzi ameutumia kwa mzaha. Wamtetee? Wakimtetea, wananchi watawaona wahuni. Wakimwacha, uhuru wao una mipaka ile ile waliyokuwa wakiipinga. Waligawanyika, na harakati zao hazikurudia nguvu ya awali.

Huko Haight mambo yalikwenda kinyume: tusi lilitoka kwa wenyeji. Januari 1966 ndugu wawili, Ron na Jay Thelin, walifungua duka lililoitwa Psychedelic Shop. Liliuza vitabu vya dini za Asia, udi, santuri na vitabu kuhusu dawa. Lilikuwa na ubao wa matangazo na chumba cha nyuma cha kutafakari. Mgeni aliyeshuka mtaani bila kumjua mtu alielekezwa hapo, na hakuna aliyemlazimisha anunue kitu. Tarehe 15 Novemba 1966 polisi waliingia na kumkamata karani aliyekuwa kaunta siku hiyo, Allen Cohen, ambaye pia alikuwa mhariri wa gazeti la mtaa, *Oracle*. Kosa lake lilikuwa kuuza *The Love Book*, kijitabu chembamba cha mashairi ya Lenore Kandel. Mashairi hayo yalisimulia tendo la ndoa kwa maneno yale yale yanayoandikwa ukutani vyooni, ila yeye aliyatumia kama sala.

Na alivyokitetea mahakamani ndivyo hivyo: tendo la wapendanao ni ibada, na maneno yake ni maneno ya ibada. Miaka kumi kabla, katika jiji hilo hilo, Jaji Clayton Horn alikuwa ameamua kwamba shairi *Howl* la Allen Ginsberg si uchafu. Safari hii mambo yaliachiwa wazee wa baraza. Kesi ilichukua wiki kadhaa, na mwaka 1967 wakakiona kijitabu hicho kuwa kichafu na kisicho na faida yoyote kwa jamii. Mauzo yakapanda. Kandel akatangaza kwamba asilimia moja ya faida ataipeleka kwenye mfuko wa polisi wastaafu, kama shukrani kwa kumtangazia kitabu.

Kandel anastahili kusimamishwa hapa kidogo. Januari 14, 1967, makumi ya maelfu ya watu walikusanyika katika bustani ya Golden Gate kwa mkutano ulioitwa Human Be-In. Jukwaani walipanda Leary, Ginsberg, Gary Snyder na wengineo, na kati ya wasemaji hao mwanamke alikuwa Kandel peke yake. Ilikuwa siku aliyotimiza miaka 35, na umati ulimwimbia. Siku hiyo hiyo watoto waliopotezana na wazazi wao walipelekwa kwa Hells Angels, genge la waendesha pikipiki ambao kwa mdomo mchafu hawakuwa na mpinzani California. Waliwatunza watoto hao mpaka wazazi walipopatikana, na walilinda pia nyaya za vipaza sauti. Nisieleweke kwamba mtukanaji ni malaika. Desemba 1969, huko Altamont, mmoja wa Angels hao alimchoma kisu Meredith Hunter mbele ya jukwaa la Rolling Stones, akafa. Ninachosema ni kwamba katika mtaa huu ulimi na mkono havikwenda njia moja, na mgeni aliyemchagua mwenyeji wake kwa kusikiliza lugha alikuwa anabahatisha.

Waliolithibitisha hili kuliko wote ni kundi la Diggers. Jina walilichukua kwa wakulima masikini wa Uingereza ambao mwaka 1649, wakiongozwa na Gerrard Winstanley, walilima ardhi ya wote na kugawana mavuno. Hawa wa San Francisco walitoka kwenye kikundi cha michezo ya kuigiza, Mime Troupe: Emmett Grogan, Peter Berg, Peter Coyote ambaye baadaye alikuja kuwa mwigizaji wa filamu, na wenzao. Kuanzia Oktoba 1966 walipika chakula kila siku, wakakileta saa kumi jioni kwenye kipande cha bustani kiitwacho Panhandle. Vikaratasi vyao viliwaambia watu waje na bakuli na kijiko, basi.

Mboga ziliombwa sokoni, zile ambazo wachuuzi wangezitupa. Mchuzi ulibebwa kwa madebe makubwa ya maziwa. Mikate ya ngano isiyokobolewa ilichomwa ndani ya makopo ya kahawa, katika jiko la kanisa la All Saints mtaa wa Waller, ikatoka ya mviringo kama kopo lenyewe. Walioamka mapema kwenda sokoni na waliosimama jikoni walikuwa zaidi wanawake, na majina yao hayamo katika vitabu vingi vya kipindi hicho, ilhali ya wanaume waliokuwa wakihutubia yamo yote. Hapo Panhandle palisimamishwa fremu kubwa ya mbao iliyopakwa rangi, ndefu kuliko mtu, na mwenye njaa alipita katikati yake ndipo achukue chakula. Hakuulizwa jina wala alikotoka.

Walikuwa pia na duka ambamo hakuna kilichouzwa. Mgeni akiingia na kuuliza meneja ni nani, aliambiwa meneja ni wewe. Wengine walicheka wakaondoka na koti. Wengine walikaa, wakaanza kupanga nguo. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walimpa jembe kabla hajaweka begi chini.

Midomo yao sasa. Juni 1967 viongozi wa zamani wa harakati za wanafunzi walikuwa na mkutano huko Michigan. Diggers waliingia bila kualikwa, meza ikapinduliwa, Grogan akawamiminia waheshimiwa hao matusi ya nguoni, kwamba wanakaa kupanga mapinduzi na watoto wanalala nje. Wafanyabiashara wa Haight, waliokuwa na umoja wao na kauli zao laini za mapenzi na amani, nao walitukanwa kila wiki. Kwa nini wanauza shanga badala ya kutoa? Kwa nini wanaalika dunia nzima wakati hawajaandaa hata godoro?

Msomaji wa kwetu ana kipimo chake cha jambo hili, nacho ni utani. Mtani anaweza kuingia msibani, akamtukana marehemu mbele ya wafiwa, akaketi na kula. Jirani asiye mtani akithubutu nusu ya maneno hayo, atatolewa kwa fimbo. Diggers walitukanana wao kwa wao, wakawatukana wenye maduka, na kila mmoja alijua mahali pake. Mgeni wa miaka 16 aliyetoka Nebraska hakujua. Alisikia tu watu wazima wakiporomosheana, na pengine alidhani hiyo ndiyo lugha ya uhuru, akaiga. Popote penye tabia hii ya kuiga matusi ya wenyeji kabla ya kufahamu nani ni mtani wa nani, ugomvi haukosi. Sina sababu ya kuamini kwamba Haight ilikuwa tofauti.

Lakini kuna tusi moja ambalo nalitetea bila kigugumizi. Chester Anderson alikuwa mwandishi wa riwaya za kubuni sayansi aliyenunua mashine ya Gestetner ya kurudufu karatasi na, pamoja na mwenzake, akawa anachapisha vikaratasi vya kugawa mtaani. Katikati ya Aprili 1967 alitoa kimoja alichokipa kichwa cha "Watoto wa Mjomba Tim", akimlenga Leary. Kilisimulia habari ya msichana wa miaka 16 aliyekuja Haight kuona mambo yalivyo, akachukuliwa na kijana muuza dawa, akaleweshwa siku nzima, kisha akaachiwa wanaume wambake. Anderson hakutafuta maneno ya staha. Aliandika kwamba ubakaji ni jambo la kila siku mtaani humo, akatumia tusi kusema ni la kawaida kiasi gani, kisha akawageukia wenye maduka na *Oracle* na kuwauliza wanafanya nini.

Ukiweka kikaratasi hicho kando ya nakala ya *Oracle* ya miezi hiyo, unaona ugomvi wote kwa jicho moja. *Oracle* lilikuwa gazeti zuri mno, wino wa rangi za upinde wa mvua, sura za miungu, mistari inayojipinda kama moshi wa udi. Ndani yake hamkukosa maneno ya Kandel na wenzake, lakini sauti yake kwa jumla ilikuwa ya kubembeleza: njooni, mapambazuko yamefika. Kikaratasi cha Anderson kilichapwa kwa taipureta, wino mweusi, lugha ya gengeni. Mzazi yeyote angelichagua *Oracle*. Binti aliyekuwa akishuka kwenye lori la mtu asiyemjua alihitaji kile kingine.

Na mahakama za jiji, katika miezi hiyo hiyo, zilikuwa zikihangaika na kijitabu cha mashairi.

Juni 7, 1967, katika nyumba namba 558 mtaa wa Clayton, daktari wa miaka 28 aitwaye David Smith alifungua zahanati ya bure. Hoja yake ilikuwa kwamba matibabu ni haki, si upendeleo. Wafanyakazi wengi walijitolea. Fedha nyingine zilitokana na matamasha ya mwandaaji wa muziki Bill Graham. Mlangoni palibandikwa tangazo: hapa hakuna kuuza dawa, hakuna kuja nazo, hakuna kuzitumia, hakuna pombe wala wanyama, kwa kuwa lolote kati ya hayo laweza kutufungisha zahanati, kisha chini yake, tunawapenda. Sijaona sheria za kupokea wageni zilizoandikwa vizuri kuliko hizo. Masharti matano, sababu moja, na kauli ya upole mwishoni.

Wiki mbili baadaye ikaingia mtaani dawa iitwayo STP. Ilichelewa kupanda, kwa hiyo waliomeza walidhani haifanyi kazi, wakaongeza. Athari zake ziliweza kufika siku tatu. Dawa ya kutuliza ambayo hospitali zilizoea kuwapa walioshikwa na hofu ya LSD ilionekana kuwazidishia. Zahanati ilikuwa na chumba cha utulivu, na humo kazi kubwa ilikuwa ya mdomo: mtu aliyejitolea anakaa na mgonjwa chini, anamwambia jina lake, anamkumbusha kwamba amemeza dawa na dawa huisha, anamsikiliza anapolia. Mgonjwa akitukana, na wengi walitukana, hakuna aliyemkemea. Hospitali kuu za jiji zilimpokea kijana kama huyo kwa mahubiri, na mara nyingine kwa polisi, ndiyo maana hakwenda.

Mwezi huo huo wa Juni ikafunguliwa Huckleberry's, nyumba ya watoto waliotoroka kwao. Kulikuwa pia na Switchboard, ofisi ya simu ambako mzazi aliyeko mbali aliweza kuacha ujumbe na mtoto akaupata bila kulazimishwa kurudi. Hizi zilikuwa kazi za kuchosha zisizo na rangi ya upinde wa mvua, na ndizo zilizookoa watu.

Kufikia vuli mtaa ulikuwa umechakaa. George Harrison wa Beatles alipita mwezi Agosti, akaondoka amesikitika kwa aliyoyaona. Tarehe 6 Oktoba 1967, mwaka mmoja kamili tangu LSD ipigwe marufuku California, wenyeji walibeba jeneza mtaani na kufanya mazishi ya "Hipi", kiumbe ambaye walisema ameundwa na vyombo vya habari. Waliwaomba vijana wabaki makwao na kufanya huko waliyotaka kuyafanya San Francisco. Psychedelic Shop lilifungwa likiwa na madeni ya maelfu ya dola. Dirishani paliachwa maandishi yanayosema Nebraska inakuhitaji zaidi.

Miongoni mwa wote waliojiita wenyeji wa kiangazi kile, nawapa heshima waliopika, waliolaza watoto na waliokaa sakafuni na wagonjwa, watukanaji na wapole kwa pamoja. Wale waliomwalika kila mtu kwa maneno matamu bila kuandaa hata choo, siwezi kuwaweka katika kundi hilo. Hukumu ya *The Love Book* ilikuja kutenguliwa kwenye rufaa. Huckleberry bado iko San Francisco na bado inapokea watoto.